Zamu ya Bwana Athmani

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Somoe,

Kabla hujaniuliza, mwili wangu ni mzima, sina homa, na ninakula. Wewe je, hujambo? Shemeji na kifua chake hajambo? Mama mguu umepungua kuvimba, au bado anakwenda kisimani kwa kujiiba ili usimwone anachechemea? Mwambie nimemwona hata nikiwa huku. Na wale watoto wa darasa lako, bado wanakupigia shikamoo hata wakikukuta mlango wa choo?

Nisamehe kwa kutopokea simu. Zile tatu za wiki hii nilikaa nazitazama zikiita mpaka zikanyamaza. Lililonipata nilijaribu kulisema kwa mdomo, peke yangu chumbani, likanishinda. Ndiyo maana nimekaa kitako kuandika. Soma ukiwa peke yako, halafu uamue mwenyewe mama aambiwe nini.

Unajua nililetwa huku kwa mwaka mmoja. Nchi za ukanda huu zilikubaliana kusaidiana ulinzi wa bandari, kila moja ikatoa watu wa redio wakae chumba kimoja, ili chombo kikipatwa na balaa popote tusianze kutafutana namba. Tuko tisa. Wanne ni wa hapa hapa, sisi wa kutoka kwetu wawili, Wangazija wawili, na Mmalagasi mmoja ambaye Kiswahili chake kinatuchekesha na mwenyewe anacheka zaidi yetu. Kazi yenyewe ni kusikiliza. Unavaa visikilizio asubuhi, unavua jioni, na masikio yanabaki yakivuma mpaka usingizi.

Kila asubuhi boti ndogo zinazopelekea maji na mboga meli zilizotia nanga nje hutuita kusema zinatoka. Kanuni ni fupi: taja jina la chombo, sema ulipo, sema shida yako, nyamaza. Bwana Athmani wa boti iitwayo Tawakali kanuni hiyo aliijua akaiweka kando. Yeye alianza hivi: "Asalaam aleikum, binti yangu. Umeamkaje? Wa huko kwenu hawajambo?" Mpaka nimjibu yote ndipo aseme anatoka. Wenzangu walikuwa wakimkatiza. Mimi nilishindwa. Wewe ndiye uliyenilea, ungenichapa. Mkuu wetu wa zamu alinikanya mara mbili kwamba mawimbi si baraza, nikamwambia mtu mzima ananisalimu, nimtupie neno nusu? Akacheka, akaniacha.

Uso wake sikuwahi kuuona. Nilijua tu kwamba tunaishi mitaa hii hii nyuma ya Ngome, kwa kuwa siku moja aliniuliza kama nami nimesikia muadhini wa alfajiri ana mafua. Nilikuwa nimesikia kweli.

Sasa Jumanne tulikuwa na zoezi kubwa la nchi zote. Lilikuwa la kupima kama siku ya balaa tutaweza kuitana na kuitikiana. Boti kadhaa, nyingine kwenye mawimbi ya zoezi na nyingine kwenye yale yale ya kila siku, zilipewa karatasi za maigizo, huyu ajifanye anaungua, yule ajifanye amegongwa. Kila mwigizaji alitakiwa aanze kwa kusema "zoezi" mara tatu, ili asiyehusika asije akashtuka bure. Unafikiri walisema? Nusu yao walisahau. Mmoja alilia kwa uchungu hata Mmalagasi wetu akasimama wima, kumbe anasoma karatasi. Ilipofika saa nne tulikuwa tumekwisha kuzoea: asiyesema "zoezi" amesahau tu. Waliokuwa wakiita walikuwa wengi na boti za uokoaji chache, basi kila aliyeita tulimpa namba angoje zamu. Nyuma ya viti vyetu walisimama wageni wakubwa wakubwa wa suti, wakinong'ona.

Hapo ndipo Bwana Athmani alipoita.

"Asalaam aleikum, binti yangu. Umeamkaje leo?"

"Waaleikum salaam, mzee. Nimeamka salama."

"Nawasikia mna kazi nyingi leo. Mimi huku nna maji yaingia nyuma, na pampu imekataa. Mkipata nafasi nileteeni mtu."

Mkipata nafasi! Ndivyo watu wa hapa wanavyoomba, dada, hata kwa jambo la kufa na kupona hutanguliza hali yako kwanza na hawataki kukusumbua. Sauti ilikuwa ile ile ya kila siku. Jina lake halikuwamo kwenye orodha yangu ya waigizaji, lakini orodha ilikuwa imebadilishwa jana yake jioni, nikaona bila shaka wamemwongeza. Nilifurahi hata. Nikawaza, kumbe na mzee anajua kuigiza. Nikamwambia yeye ni wa saba, asubiri zamu yake. Akasema, "Haya, binti yangu, nasubiri." Nikamwandika kwa penseli kwenye daftari la zoezi, kwa sababu mambo ya maigizo huwa hatuyaandiki kwa wino.

Baada ya kitambo akaita tena. Kitambo cha dakika ngapi sijui, na hilo nitaulizwa kesho. Safari hii hakusalimu.

"Binti, mimi bado niko kwenye foleni?"

"Bado wawili mbele yako, mzee."

"Sawa."

Ndiyo hayo tu. Mtu ambaye hajawahi kuniita bila salamu aliniita bila salamu, na sikuzinduka. Mgeni mmoja nyuma yangu alikuwa akisifu jinsi tulivyo watulivu, nami sifa zile zilinikolea.

Zamu yake ilipofika nilimwita. Kimya. Nikamwita tena. Mara ya tatu nikamwita kwa jina lake mwenyewe, si la chombo. Nilivua visikilizio nikapiga kelele kwamba huyu si wa zoezi. Chumba kizima kiligeuka kunitazama, na nusu yao, wallahi, walidhani hata mimi naigiza.

Boti ya uokoaji iliwakuta vijana wake wawili wa kazi wameshikilia madumu matupu ya maji. Yeye hakuwapo. Walisema walikuwa nyuma wakikumba maji kwa ndoo, mngurumo wa injini haukuwaachia kusikia kitu, na kila walipomuuliza aliwaambia, "Nishasema nao, waja." Walimtaka avae boya atoke. Akawaambia hawezi kuondoka kwenye redio, wasije wakamwita akaikosa zamu yake. Mwili ulipatikana Jumatano karibu na Feri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Sikwenda. Nilijifungia chumbani nikasikia watu wakipita chini na jeneza.

Alhamisi mkuu wa zamu aliniita pembeni. Usimchukie, si mtu mbaya. Nilipougua malaria ni yeye aliyeniletea uji. Alisema, "Zena, kuna kamati Jumatatu. Kinasa sauti siku hiyo tulikigeuzia mawimbi ya zoezi, ya boti ndogo hayakunaswa. Wewe andika haikusikika vizuri. Redio za boti hizi kila mtu azijua." Nikamwambia nilimsikia. Akasema, "Najua. Lakini ukisema hivyo, watu watasema zoezi ndilo lililoua, kila nchi itachukua redio yake irudi kwao, na chumba hiki kitafungwa. Atakayezama mwaka ujao ataita nani?" Akaweka kifutio juu ya daftari langu, akatoka.

Nilifuta, dada. Sitakuficha. Nilisugua namba saba mpaka karatasi ikabaki nyeupe, nikapuliza vumbi lake, nikaandika haikusikika vizuri. Nilijiambia marehemu hapati hasara.

Jana asubuhi nilikwenda kutoa mkono wa tanzia. Hakuna aliyenituma, nilijiona nitaumbuka nisipokwenda, nami ni jirani. Nikavaa buibui, nikauliza nyumba, nikaonyeshwa mlango wa tatu kutoka duka la kahawa ninalopita kila siku. Ndani walikuwa wanawake wanasoma Kurani. Mjane, Bi Rukia, alikuwa ameketi kwenye mkeka chumba cha ndani, ameshaanza eda, mdogo wa mwili, macho makavu. Nikampa pole, nikakaa karibu na mlango ili nitoke upesi.

Wala sikuuliza chochote. Mwenyewe alikuwa akimweleza shangazi mmoja. "Wamekuja watu wawili wa ofisini, wasema redio yake ilikuwa mbovu. Kuwa hakuitazama. Sasa mama wa hawa vijana wawili hata salamu hanipi, aona mume wangu alitaka kumuulia wanawe kwa uzembe. Ile redio! Kila Ijumaa yuwaileta papa hapa, yuwaipangusa chumvi kwa leso yangu. Leso mpya, mimi nanung'unika. Leo ati mbovu."

Hapo ndipo nilipojua hasara ya marehemu ni nini. Jina lake ndilo nililolifuta.

Nikasogea mpaka kwenye mkeka. Nilimwambia kwa sauti ya chini, lakini wanawake walinyamaza kusoma na nadhani wote walisikia. Nikamwambia redio ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili, nilimsikia kila neno, na nilimwambia angoje. Nikamwambia na habari ya kifutio.

Bi Rukia akanigeukia.

"Kumbe ndiwe," akasema. "Alikuwa akikutaja. Akija kula yuwanambia, pale kwenye redio kuna mtoto wa watu, ana adabu, hamkati mtu maneno. Nikamwambia basi mlete tumuone."

Angenitukana ningeshukuru. Shangazi yule alinishika mkono anitoe, Bi Rukia akamzuia.

"Mwache. Wewe sikiza. Mimi nimo edani, siwezi kutoka nikasimama mbele ya wanaume kumsemea mume wangu. Miezi minne na siku kumi, mpaka nitoke hao watakuwa wameshafunga faili. Wewe huna eda. Nenda ukayaseme haya mbele yao, hivi hivi ulivyonambia."

"Nitasema, mama."

"Na ukishasema usirudi hapa. Nakuomba. Sitaki kukuona tena."

Nikatoka. Wenye duka la kahawa walinisalimu kama kawaida yao, nikapita bila kuitikia.

Basi ndiyo habari yangu. Leo asubuhi nimeandika maelezo mapya, kwa wino, kurasa mbili, pamoja na namba saba na jinsi ilivyofutika. Ya mkuu wa zamu nimeandika aliyoyasema, na uji pia ningeuandika kama kungekuwa na nafasi yake. Naogopa, dada. Naogopa kamati, naogopa chumba kile kikifungwa kweli, na siku hizi naogopa hata mtu akiniambia umeamkaje. Ukiweza nisomee dua kesho asubuhi.

Nisalimie mama, mwambie ninakula. Nisalimie shemeji, na wifi yetu aliyejifungua, mtoto nitamwona pengine mapema kuliko tulivyopanga. Nisalimie mjomba wa sokoni na mwalimu mkuu wako aliyenisainia karatasi za kuja huku, huyo mwombe radhi kwa niaba yangu. Na watu wakija kukuuliza kama ni kweli nimefukuzwa Mombasa, usiwabishie na usinitetee. Waambie kulikuwa na mzee akizama, aliniita kwa adabu, nikamwambia asubiri zamu yake, naye akasubiri.

Mdogo wako,
Zena