Soya Iliyokaangwa Saluni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na huo mgongo wako sasa unakubali kunyooka bila kuombwa. Wifi hajambo? Na mama je, bado anamsema kila anayechota maji kabla yake? Sisi huku hatujambo. Mtoto anakua, baba yake yuko safarini na lori lake kama kawaida, na mimi afya ninayo, ila utulivu ndio sina. Najua mama hupenda kusomewa barua zangu kwa sauti. Hii tafadhali isome kwanza peke yako.

Ile kazi ya bima uliyonitafutia kwa rafiki yako ni kazi nzuri, sitasema vinginevyo. Kiti kinazunguka, chai inaletwa mezani. Lakini tangu mwaka jana mguu wangu mmoja ulianza kutikisika chini ya meza, hauachi, mpaka dada wa meza ya jirani akalalamika kwamba kikombe chake kinacheza. Kutwa nagonga mihuri kwenye madai ya watu nisiowajua, jioni nafika nyumbani hoi na sijui nimefanya nini. Nikaenda kupimwa, daktari akasema sina kitu. Nilikasirika, maana nilitaka niwe na kitu.

Hapa mtaani yupo Mama Pacha, zamani alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Alikodi chumba kilichokuwa saluni, akaanza kutengeneza unga wa uji wa watoto, wa mahindi, ulezi, soya na karanga. Jumamosi moja alinikuta nazungukazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akaniambia kama miguu inaniwasha nikamsaidie kukaanga. Nilikwenda kwa utani tu, na tangu hapo Jumamosi zangu zote ni zake. Vioo vya saluni bado viko ukutani, kwa hiyo unajiona ukikoroga, jasho tupu, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Niliupenda uso ule. Wa kwenye kitambulisho cha ofisi sijawahi kuupenda.

Sasa Mama Pacha ana sharti moja asilolegeza. Unga mpya hauendi kwa mteja kabla watoto wetu wenyewe hawajaunywa asubuhi, na kila mzazi awepo akiangalia. Mimi, kama unavyojua, hutoka nyumbani mtoto bado amelala, na jirani ndiye anayemnywesha. Ikabidi niombe ruhusa ya kuchelewa ofisini mara moja, mara mbili, kisha nikawa nachelewa bila kuomba. Na kaka, sikujua kwamba mwanangu hunywa uji amefumba macho. Ana miaka minne, nami sikuwa najua.

Siku moja ya mvua tulifunga mlango tukawasha taa za manjano zinazozunguka vile vioo. Chini ya taa zile soya ilionekana imeiva, rangi safi kabisa, tukaiepua na kuisaga. Sote tulionja uji wake wenye sukari ya kutosha, tukapongezana. Jumatatu mwanangu alipiga funda moja akasukuma kikombe. Nikambembeleza, nikamfokea kidogo, akaniambia, "Mama, huu unanuka mbichi." Nikakoroga mwingine usio na sukari, nikaunusa, na kweli soya ilikuwa mbichi. Nilikimbia na kandambili hadi kwa Mama Pacha, nikakuta pacha wake nao wamegoma. Unga wote tukaumwaga, mimi nalia waziwazi. Sijawahi kulilia kitu chochote cha ofisini.

Siku hiyohiyo niliingia kazini asubuhi imeshakwisha, nina unga kwenye nyusi. Rafiki yako aliniita. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Alisema tu, "Kaka yako alinihakikishia kwamba wewe ni mtu wa kutulia." Kisha akaniambia nichague, niwahi kama wenzangu au nimpishe mwingine.

Kaka, nimeacha kazi. Wiki kadhaa zimepita sasa. Baba mtoto nilimwambia kwa simu, akacheka, akasema alijua tangu nilipoanza kunuka karanga. Wewe nimeshindwa kukwambia, kwa sababu ulijinyenyekeza kwa ajili yangu, na mama bado anamtajia kila mgeni ofisi ya binti yake. Usidhani nimetulia. Mguu umeacha kutikisika, ila moyo ndio umeshika zamu. Soya siku hizi tunaikaanga nje kwenye mwanga wa jua, na basi la wafanyakazi wa bima likipita najificha nyuma ya mlango, halafu nachungulia. Kuna asubuhi namtazama mtoto akinywa uji, najiuliza kama nimempa kitu au nimemnyang'anya. Naogopa, kaka. Na bado kila siku nafika saluni kabla ya mwenye funguo.

Nisalimie wifi na watoto wote. Mama mwambie mjukuu wake anakula vizuri, hilo halina uongo ndani yake.

Nakujua. Ukimaliza kusoma utashika simu umpigie rafiki yako, umwombe anirudishe, na kwa heshima yako atakubali. Nakusihi usimpigie. Akikubali, nitarudi.

Ni mimi mdogo wako,
Kiguu na Njia