Tuta la Mto na Gauni la Kijani

Jumatatu, tarehe 10

Kati ya video nilizoweka mtandaoni leo, ile ya pili ndiyo tamu zaidi. Ouma wangu ananishika kiuno, tunacheza kidogo, gauni langu la kijani linazunguka, kisha naigeukia simu: vijana wa Ahero, Alhamisi saa nne, baraza la chifu, tusiposema tuta la kuzuia mafuriko ya mto litajengwa kwingine. Wiki sita za ndoa. Akifungua tu lango hapa Mamboleo, moyo unaruka.

Mama anaishi kwetu Ahero, karibu na mto. Mwaka jana maji yalifika jikoni. Ningepita nyumba kwa nyumba, lakini mama mkwe ameshikilia mila: bibi arusi harudi kwao kabla ya kusindikizwa. Basi simu ndiyo miguu yangu.

Jumatano, tarehe 12

Imesambaa! Nimelia kwa furaha. "Tuko pamoja." "Tutafika, shemeji." Wengi wanauliza gauni nililitoa soko la Kibuye upande gani. Nimewajibu wote.

Ouma amecheka. "Nyar Ahero, binti wa Ahero, hawa wanakuja barazani ama harusini?" Nikamrushia leso. Nampenda mno.

Alhamisi, tarehe 13

Hakuna kijana aliyeingia.

Ouma alifunga kibanda chake cha biashara akaenda kwa niaba yangu. Wazee saba, mama, na yeye. Vijana walikuwepo, ng'ambo ya barabara, kivulini, na simu zao. Mmoja akamwita: "Si wewe ni bwana ya ule dem wa gauni? Leo hamdansi?" Aliwasihi waingie. Wakataka kupiga picha naye.

Chifu ameandika kwamba vijana hawakujitokeza. Tuta linaenda upande mwingine.

Ijumaa, tarehe 14

Nimeitazama video tena na tena. Neno tuta linakuja mwishoni kabisa. Nilitaka dunia imwone mume wangu. Ukweli ndio huo. Sijapika. Hata kumpenda leo kunauma.

Jumapili, tarehe 16

Mvua tangu asubuhi. Mama amepiga simu. Magunia ya mchele ameyapandisha juu ya meza. Hakunilaumu. "Nyathina, mwanangu, ulipendeza sana kwa hilo gauni." Afadhali angenitukana.

Nimeifuta video.

Mama mkwe aliniona nikianua nguo zilizolowa. Alisema atatafuta kuku wa kupeleka kwetu, kama mila inavyotaka, na kunisindikiza mwenyewe. Ouma akanipokea beseni.

Kabla mwezi huu haujaisha nitafika Ahero. Mlango kwa mlango, nikianzia kwa mama.