Baba Mkwe, Ndoo Yangu Ilikuwa na Maji ya Moto

Baba yangu mkwe, Mzee Mbwana, shikamoo.

Najua barua hii itakukuta barazani hapo Tanga, na tabia yako naijua: hutaisoma peke yako. Utavaa miwani, utakohoa mara mbili, halafu utamsomea kila aliyekaa na kila anayepita. Kwa hiyo nimeiandika kwa ajili ya baraza zima. Wazee mlioko hapo, nanyi shikamooni. Mzee akiishiwa nguvu katikati ya kusoma, mpeni maji. Mpeni ya baridi, ndiyo ayapendayo.

Mwezi uliopita uliniagiza jambo moja. Mwalimu Rashidi, anayemposa Zuhura, mdogo wa mke wangu, anakuja Johannesburg likizo yake. Nimpeleke kazini alfajiri, nimpe ndoo ya maji ya baridi na vioo vya kufuta, kama ulivyonifanyia mimi, kisha nikuambie kama anafaa kuwa mkweo. Jibu ninalo, lakini siwezi kulitoa kabla sijasema la kwangu, maana hakimu mwenyewe ana kesi.

Unaikumbuka Jumatatu yetu ya kwanza? Nilikuwa nimekuja kwako Turffontein, ulipokuwa ungali huku Johannesburg, kutaka posa ya Mwanaidi, nawe hukusema ndiyo wala hapana. Ulisema, "Fanya kazi nami majira haya ya baridi. Ukiyamaliza bila kulia, lete wazee wako." Nikaona ni jambo dogo. Mimi mtoto wa Tanga, baridi nilikuwa naijua ya kwenye friji tu.

Tukaenda Braamfontein, kwenye lile jengo la ofisi ambalo ghorofa yake ya chini yote ni vioo. Nyasi za mbele zilikuwa nyeupe, umande umeganda. Ulijaza ndoo mbili kwenye bomba la uani, ukatia sabuni, ukaninyooshea mkono kunikaribisha kama mtu anayekaribisha mgeni kwenye pilau. Nikatumbukiza kitambaa. Baba, nilimtaja Mungu siku ile, lakini haikuwa dhikri. Na kioo chenyewe hakikusafishika. Kabla sijakivuta kile kifutio cha mpira kutoka juu hadi chini, maji yalikuwa yameshaganda na kufanya utando, kifutio kikawa kinakwaruza kama mwiko kwenye ukoko.

Uliniona napuliza vidole. Ukaniambia, bila hata kugeuka, "Maji ya moto yana wenyewe wawili, mzazi na maiti. Wewe ni yupi?"

Nikasema mimi si yeyote kati yao.

"Basi futa."

Baadaye ulinieleza kwa upole kisa cha duka la Rosettenville, jinsi ulivyomwagia maji yanayochemka kioo kilicholala na baridi, kikapasuka kutoka kona hadi kona huku mwenye duka anakutazama kwa ndani. Tangu siku hiyo uliapa kwamba maji ya moto hayatakaribia ndoo yako. Nilitaka kukuuliza, je, tukiyapasha kidogo tu? Lakini mkwe mtarajiwa habishi. Mkwe mtarajiwa akiambiwa jua limechomoza magharibi, anasema mbona leo limewahi.

Wiki ya kwanza ilipokwisha, Mwanaidi alinipa kikombe cha chai mlangoni, akaviona vidole vyangu. Vilikuwa vimevimba na kupasuka, vyekundu kama vya mtu aliyepigwa fimbo. Akanitazama, akaangalia nyuma kama uko karibu, akaninong'oneza kwamba kuanzia kesho atanipa chupa mbili. Moja ya chai yako. Nyingine maji ya moto na sabuni yake humo humo, niyamimine ndoni ukigeuka.

"Mzee ataniua," nikamwambia.

"Hataona kitu. Wewe weka tu uso wa mtu anayeteseka."

"Uso huo ninao."

Ulipoziona chupa mbili uliuliza ya pili ni ya nini. Nikajibu kwamba si adabu mimi kunywa chupa moja na baba wa binti ninayemposa. Baba, ulifurahi mno. Ulimsimulia hadi yule mlinzi Mkongo wa pale mlangoni, Papa Kalala, kwamba vijana wenye malezi bado wapo. Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono yangu imo kwenye ndoo ya vuguvugu, nimekunja uso kwa mateso ya uongo. Vioo vyangu vilianza kung'aa kuliko vyako. Ukasema ni ujana.

Halafu ikaja siku ile ambayo umeme ulikatika Turffontein nzima. Mwanaidi alijaza chupa gizani kwa jiko la gesi, nami nikazipokea gizani. Tulipofika kazini, ukageuka, nikamimina. Harufu ya iliki ndiyo iliyoniambia. Chai yote ya maziwa, yenye sukari ya kutosha watu wanne, imo kwenye ndoo ya sabuni, na kitambaa changu kilikwisha pita kioo kizima. Papa Kalala akasogea, akakinusa kioo, akasema, "Muzee, hii kioo iko inanuka chai, kweli!"

Wewe ukasema ni harufu ya mgahawa wa jirani. Nikamshukuru Mungu kwa mgahawa wa jirani. Ndipo ukakaa kwenye ngazi, ukanyoosha mkono na kusema, "Hebu nimiminie na mimi."

Ningeweza kuiangusha ile chupa. Ningeweza kujitupa chini nikajifanya nimezimia. Lakini mkono wangu ulikwisha zoea kukutii. Nikakumiminia maji ya moto yenye sabuni. Ukapiga funda moja, ukakitazama kikombe. Ukapiga la pili. Povu dogo lilikaa kwenye sharubu zako, nami sikuthubutu kukuambia. Mwisho ukasema, "Alhamdulillahi. Mwambie Mwanaidi majani yakiisha aseme, si aibu."

Ukakimaliza kikombe. Muungwana wa Tanga hamwagi kilichopikwa na binti yake.

Tangu siku hiyo unawaambia watu kwamba Mwanaidi hajui chai. Umewaambia majirani, umewaambia wajomba, juzi umewaambia wajukuu zako kwa simu. Mke wangu ameubeba msiba huo miaka kumi na moja kwa sababu yangu, na amesema nisipomsafisha katika barua hii nitajipikia mwenyewe mpaka Ramadhani. Wazee wa baraza, mashahidi ni nyinyi. Mwanaidi anajua chai. Anaijua kuliko wengi wenu.

Baridi ikaisha, wazee wangu wakaja. Ukasimama sebuleni ukasema maneno ambayo mpaka leo yananiamsha usingizini. "Nimewaona wanaume wakilia hapa Julai. Huyu vidole vyake havikutetemeka. Mkono usiotetemeka kwenye baridi hautamwachia mwanangu kwenye shida." Wazee wakaitikia kwa takbiri. Nyuma ya pazia bibi harusi alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mimi niliangalia zulia, nikahesabu maua yake.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka yote hii na bado naona lami mbele. Baada ya ndoa nilidhani nitaacha, lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Tulifanya kazi pamoja majira mengine mawili ya baridi, wewe na ndoo yako, mimi na chupa zangu.

Mpaka hapa cheka, Baba, nimeandika ili ucheke. Lakini yapo ambayo mimi mwenyewe siyacheki.

Majira yale ya mwisho, asubuhi moja, ulikuja mbele yangu na koti lako liko wazi. Ukasema, "Nifunge, mwanangu. Leo vidole vimegoma." Ulisema kwa mzaha. Nikakufunga vifungo vitano, na vidole vyangu vilikuwa laini na vya moto. Vyako ulivishikilia kifuani, vimejikunja, ngozi imepasuka kwenye kila kiungo. Ndoo yangu ilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimeifunika kitambaa ili usiuone mvuke. Neno moja tu lingetosha. "Baba, yatumie haya." Niliogopa ungeniuliza nimeyapata wapi, na tangu lini, na ungejuta kunipa binti yako. Nikamaliza kifungo cha tano nikakuacha urudi kwenye maji yako.

Uliporudi nyumbani Tanga ulisema ni umri umekutoa kazini. Umri upo, Baba. Lakini na mimi nimo. Ninaona haya, na ninakuomba radhi mbele ya hao wote wanaosikia.

Siku hizi nina bakkie, kile kigari kilicho wazi nyuma, na nyuma nimefunga tangi lenye mashine ya kupasha maji, bomba refu, na fito yenye brashi inayofika ghorofa ya tatu. Maji hayachemki. Nayapima kwa kiwiko kama maji ya kuogeshea mtoto, na sijapasua kioo hata kimoja. Kazi ya asubuhi nzima inakwisha kabla ya chai. Ulipouona mvuke kwenye simu ya video mwaka jana ukauliza moshi gani huo, nikakwambia ukungu. Ukasema, "Tangu lini Johannesburg ikawa na ukungu Julai?" Nikajifanya mtandao umekatika.

Basi sasa nikupe jibu la Rashidi.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Nilizima mashine, nikamchukua alfajiri mpaka Braamfontein, jengo lile lile, nikajaza ndoo kwenye bomba la uani. Nyasi zilikuwa nyeupe. Mwalimu wa watu alivua glovu, akasema bismillahi, akatia mikono. Akaitoa kabla sijapepesa jicho.

"Kaka Saidi, haya maji yanauma! Hakuna ya moto?"

Aliuliza hivyo tu, kwa sauti, watu wanapita. Nikamwambia huu ndio mtihani wa baba mkwe. Akauliza unapima nini. Nikasema uvumilivu. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi nimefeli, kaka. Mwambie mzee ukweli. Au nipe simu nimwambie mwenyewe." Na kweli akatoa simu, akampigia Zuhura pale pale kwenye ngazi, akamwambia, "Mtihani wa baba yako nimeangukia kwenye swali la kwanza." Nilimsikia Zuhura akicheka kutoka huko Tanga hadi machozi. Kijana hakuona haya hata kidogo. Mimi, niliyefaulu, ndiye niliyekuwa natafuta mahali pa kujificha.

Nikamwomba asikupigie wewe kwanza, aniache nitangulie mimi kwa barua hii. Akakubali. Tukawasha mashine, tukawa tunafuta. Vioo kadhaa baadaye akasimamisha fito, akaniuliza, "Na mzee naye alikuwa anatumia ya baridi siku zote hizo? Vidole vyake vikoje sasa?"

Baba, mtu huyu hajawahi hata kukushika mkono. Mimi nilikuwa nawe alfajiri za Julai tatu, mwaka baada ya mwaka, sikuuliza.

Kwa hiyo andika kwamba amefeli. Hakustahimili hata dakika moja, na kama mtihani ni maji, mrudishe kwao Muheza. Lakini angekuwa yeye pale siku ile ya koti, angekuletea ndoo ya moto kabla ya kukufunga kifungo cha kwanza, hata kama ungemnyima binti kwa ajili yake. Mpe Zuhura.

Mama mkwe nisalimie, na wote mlionisikiliza, nawashukuru kwa subira. Nawaacha na Mola awatunze.

Mkweo uliyempa binti kwa mtihani wa wizi, na ambaye, pamoja na yote haya, hamrudishi,

Saidi