Mkwe Asiye na Ubishi

Jumatatu, 4 Machi

Ratiba imetoka. Wiki nzima naruka na baba mkwe! Kampuni yetu ya ndege ni ndogo, makapteni wawili tu, nilijua zamu itanifika. Mume wangu kacheka mpaka machozi. Mimi hata. Mbele ya mzee yule chumvi tu siombi, nangoja aone mwenyewe kuwa iko mbali nami.

Jumatano, 6 Machi

Leo nusura! Tunashuka, mwendo umezidi. Kazi yangu kama rubani msaidizi ni kusema wazi: kapteni, mwendo mkubwa, tupande tuzunguke upya. Nimesema nini? "Baba, leo upepo una haraka." Akajibu, ndiyo mwanangu, ndio msimu wake. Akaendelea kushuka. Magurudumu yakagusa njia ikiwa imekaribia kwisha, breki zikalia, tukasimama pua ikinusa nyasi. Abiria wakapiga makofi! Asiyejua maana haambiwi maana.

Baadaye akaniambia hakuwa na wasiwasi hata chembe. Ati mimi nilikuwa kimya, na kama kungekuwa na hatari ningesema.

Lakini nilisema! Au nilidhani nimesema.

Alhamisi, 7 Machi

Chakula kwao. Mzee kanisifu mbele ya wote: mkwe wangu hana ubishi, si kama hawa vijana wanaopayuka njia nzima. Mama mkwe kafurahi, kaniongezea nyama. Jikoni nimemweleza mume wangu. Ati zungumza naye tu, kwani ni simba? Kwake rahisi, ni baba yake.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumamosi, 9 Machi

Chumba cha kupumzikia marubani, uwanjani. Dirishani naona abiria wanapanda. Kule tunakokwenda mvua imefunga, na yeye kaagiza mafuta ya kufikia na akiba kiduchu, ndege iwe nyepesi. Tukishindwa kutua mara ya kwanza, hayatufikishi uwanja mwingine. Nimekohoa. Nikasema, "Baba, safari ya leo naiona ndefu." Akanitazama kwa huruma: basi wewe pumzika mwanangu, nitairusha mimi.

Pumzika!

Sasa hivi kasimama mlangoni, kofia kichwani. "Mwanangu, kuna neno?"

"Hakuna, baba."

Mdomo huu! Kaenda zake kwenye ndege anapiga mluzi.

Gari la mafuta limeshajaza, lakini halijatoka uwanjani. Namwona dereva getini, anangoja kufunguliwa. Nikikimbia sasa, atarudi aongeze—