Kilo Tano Zisizokuwepo

Mwalimu Nassor,

Nimefeli fizikia. Nakwambia mwanzo nisije nikazunguka. Hesabu nimepasi vizuri, kemia nimepasi. Fizikia, somo ulilonipa wewe kwa mkono wako, nimeanguka, na wiki ijayo nina mtihani wa marudio Dar es Salaam. Nikianguka tena, chuo kikuu kinanirudisha Unguja. Hapa mtaani kwetu Ng'ambo, nilipokuja likizo, kila mtu anajua kwamba mtoto wa mchukuzi wa bandarini, aliyejinunulia vitabu kwa kuziba pancha, kaenda kusomea shahada. Wapo wanaonisubiri kwa hamu nirudi kwenye pancha zangu.

Nikueleze nilivyoanguka. Wiki ya mwanzo tulipewa maswali ya kufanyia chumbani. La kwanza: kipande cha mti chenye uzito m kimewekwa juu ya ubao ulioinama, ubao unateleza kama uliopakwa sabuni, na pembe yake wameipa herufi ya Kigiriki. Kikishuka, kasi yake inaongezeka kwa kiasi gani? Namba hakuna, hata moja. Nikasema hawa wamesahau kuzipiga chapa. Basi nikawasaidia. Nikatia kilo tano, nikatia digrii thelathini, nikapata jibu, nikalipigia mistari miwili chini kama ulivyotufunza.

Mhadhiri aliinua karatasi yangu mbele ya wenzangu. "Bwana Makame, hizi kilo tano umezitoa wapi?" Sijafungua mdomo, mwanafunzi mmoja wa Moshi akadakia, "Kazipima Kariakoo, mzee!" Walicheka mpaka wakapiga meza. Tangu siku ile jina langu ni Kilo Tano. "Kilo Tano, hebu nisogezee chumvi."

Jina silijali. Lililoniuma ni alilosema mhadhiri kicheko kilipokwisha: kwamba uzito haumo kabisa katika jibu. Ungeweka gunia la karafuu, ungeweka karafuu moja, kwenye ubao ule vingeshuka sawasawa. Halafu akaniuliza kwa nini. Mimi, ninayemaliza kuzidisha kichwani kabla mwenye duka Darajani hajagusa mizani yake, nikaanza kufunua daftari kutafuta kanuni. Kwako tulikuwa hatuulizani kwa nini.

Unakumbuka? Tulikuwa kidato cha tatu. Baada ya Mapinduzi walimu wa sayansi waliondoka mmoja mmoja, ukaingia wewe na chaki nyuma ya sikio, ukatuambia, "Fizikia hesabu tu, wanangu. Tafuteni kanuni, tieni namba, tazameni jibu nyuma ya kitabu." Jibu letu likiwa mbali na la kitabu, tunageuza. Tulipogawa tunazidisha, tulipojumlisha tunatoa, mpaka yalingane. Nani alikuwa bingwa wa mchezo ule kama si mimi?

Siku moja nikakuuliza kwa nini mpanda baiskeli akikata kona analala upande. Nilitaka kujua kweli, maana nilikuwa nikishinda na baiskeli za watu. Uligeuka ukafuta ubao, na ubao wenyewe ulikuwa hauna kitu. Ukasema umenipa mgongo, "Makame, jibu si limetoka? Basi unataka nini tena?" Wenzangu wakacheka. Nikajiona nina kiherehere. Sikuuliza tena, si kwako, si kwa mtu mwengine, mpaka nikafika chuo kikuu na mdomo uliofungwa.

Nilidhani ulinidharau. Jana ndipo nilipojua.

Nilikwenda Kiponda kumwamkia Bi Rukia, mkeo. Ameshatoka eda ya kufiwa nawe. Nilimkuta anachambua mchele alioupangia foleni tangu asubuhi. Nikamsimulia yaliyonifika, nikitaka anionee huruma tu. Akacheka, Mwalimu. Alicheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Fizikia! Yule si alikuwa mtu wa jiografia? Walimpa kwa kuwa hapana mtu. Kila alfajiri akisoma hapo jikoni, mie nakoroga uji, yeye anakipiga kitabu makofi. Ananambia, Rukia, leo wakiniuliza n'tauficha wapi uso? Na wewe ndiye alokuwa akikuogopa. Akisema, yule mtoto wa Ng'ambo ataniumbua."

Mimi! Ulikuwa ukiniogopa mimi!

Nilitoka pale nikajikuta Mkunazini bila ya kujua nnakwenda wapi.

Kutojua si kosa. Ulitwishwa mzigo usiokuwa wako, na kama usingeubeba tusingekuwa na kipindi kabisa. Hilo nalijua, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu hasira yangu haipati pa kukaa. Lakini ungesema tu. "Makame, na mie hili silijui, njoo tulitazame." Baiskeli ilikuwepo nje pale, imeegemezwa ukutani. Badala yake ukanifanya mimi mjinga ili wewe usionekane.

Siku ya maziko yako, kabla hatujaliinua jeneza, kaka yako alituomba radhi kwa niaba yako, mwenye dai lolote akusamehe. Tukajibu sote, tumemsamehe. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilikusamehe nisilolijua, Mwalimu. Sasa nalijua. Neno lile siwezi kulirudisha, na leo nisingeweza kulitoa. Fatiha nakusomea, hiyo haki yako. Moyo bado.

Leo asubuhi nimekaa na lile swali. Namba sikutia. Nimechora ubao na mishale, nimefuta, nimechora tena. Kizito kinavutwa kwa nguvu zaidi, lakini kizito hichohicho ndicho kigumu kukitia mwendo. Nguvu iliyozidi inaliwa na ugumu uliozidi. Ni hayo tu! Ungeweza kuyaona wewe, kama tungekaa wawili.

Swali la pili silijui. Nikifika Dar nitagonga mlango wa mhadhiri nimwambie hivyo, silijui, hata kama yule wa Moshi na wenzake wamesimama pale. Na nikipasi, wakinileta kusomesha darasa lile ulimokuwa wewe, naahidi mtoto atakayeniuliza nisilolijua ataliona jibu langu usoni, si mgongoni.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Mungu akupe nafasi huko uliko.

Mwanafunzi wako Makame, ambaye angekusitiri, ungemwambia.