Jiwe la Mlango wa Kuku

Mama,

Lilikuwa baridi. Ulisema hivyo miaka yote, na leo nimeambiwa na mtu asiyekujua kwamba ulisema kweli. Nimeketi juu ya mfuko wa saruji nje ya hema letu, karatasi iko gotini. Utanisamehe mwandiko. Unajua niliishia darasa la saba.

Ngoja nianze vizuri, maana naona naruka.

Bado niko huku kwenye kazi ya barabara, mbele ya Garissa. Nilikuja majuma matatu baada ya kukuzika, na sijarudi nyumbani Ikonge tangu siku hiyo. Mdogo wangu Kemunto ananipa habari. Majani chai yamekatwa na yameanza kuchipua. Ng'ombe wako amezaa ndama jike. Kuku amewahamishia kwake, na lile banda lako la mbao limebaki wazi, halina jiwe la kuegemeza mlango. Aliponiambia hilo la jiwe mwezi uliopita sikulifikiria hata kidogo. Nilimwambia atafute lingine.

Leo saa sita, tukiwa tunakula, alikuja mtu anayenunua vimondo, yale mawe yanayoanguka kutoka angani. Wafugaji wa huku wanamjua. Wakiokota jiwe jeusi mahali pasipo na mawe wanamwekea. Msimamizi alimruhusu akae nasi saa ya chakula, na watu wakaacha maharagwe wakatawanyika kutafuta mawe. Ungecheka. Mwanamume mwenye mvi anatembea na jiwe kama amebeba mayai. Odhiambo, yule fundi wa upande wa ziwa uliyekuwa ukimsalimia kwenye simu yangu tulipokuwa kazi ya kwanza, alileta saba kwenye kofia yake.

"Mokaya, mbona umekaa?" akaniuliza. "Mkisii mzima, mawe yanauzwa na wewe unakula? Kwenu si mnachonga hata viboko vya mawe?"

Nilimwambia hao wa mawe ni watu wa Tabaka, sisi Nyamira ni watu wa majani chai. Nikaendelea kula.

Yule mnunuzi alikuwa na sumaku imening'inia kwenye uzi, na kipande cha kigae cha choo. Jiwe ambalo sumaku haikulijali, alilirudisha. Lile lililovuta sumaku alilisugua nyuma ya kigae, na likiacha mstari mwekundu alisema hilo ni jiwe la chuma la hapa hapa duniani. Lenye vitundu kama mkate alisema ni mavi ya chuma, uchafu wa kiwandani. Yale saba ya Odhiambo yote yalirudi kwenye kofia. "Basi nunua kofia," Odhiambo akamwambia, na watu wakacheka mpaka yule mtu naye akacheka.

Halafu akatoa soksi kwenye mfuko wake, na ndani ya soksi akatoa jiwe lake mwenyewe, ili tujue la kweli linafananaje. Likapita mkono kwa mkono. Likanifikia.

Mama, nililijua kabla sijalitazama. Uzito ule. Lilikuwa dogo kuliko lako, lakini mkono ulishuka vilevile unavyoshuka mtu akikupa kitu asikuambie kwamba ni kizito. Halafu ile ngozi nyeusi kama chini ya sufuria ya kuni. Halafu vile vishimo, kama mtu amefinya unga kwa vidole gumba. Wewe ulikuwa ukiweka kidole gumba chako kwenye kishimo kimoja kila asubuhi ukilisogeza kufungulia kuku. Kililingana na kidole chako. Nimekuona mara elfu.

Nikamwambia yule mtu, "Mama yangu alikuwa na hili." Watu wakaanza kucheka tena, yeye hakucheka. Aliniuliza lilipatikana wapi na nani aliliona. Nikamwambia lilianguka kwenye majani chai yetu, mama aliliona peke yake. Akaniuliza swali moja tu: mama alisema lilikuwa moto au baridi?

Nikasema baridi. Nilisema kwa aibu, kama tulivyozoea.

Akaweka kikombe chini. Akasema watu wanaomdanganya wote humwambia jiwe liliwaunguza mikono, kwa sababu kila mtu anafikiri hivyo. Akasema huko juu linakotoka kuna baridi kuliko barafu, na moto unalilamba ngozi tu kwa muda mfupi, ndani linabaki na baridi yake. Mara nyingi likifika chini mtu anaweza kulishika. "Huyo mama," akasema, "hakuwa na mahali pa kusoma hayo. Alilishika."

Nilihisi kama nimepigwa na kitu nyuma ya kichwa. Odhiambo alinichukulia sahani.

Unajua nilikumbuka nini? Ile Sabato. Sisi wote tulikuwa kanisani, wewe mguu ulikuwa umevimba ukabaki. Tulisikia mlio, hata mhubiri alinyamaza kidogo, halafu kila mtu akasema ni radi, kwetu radi hupiga kila siku. Tuliporudi ulikuwa umesimama mlangoni na jiwe kwenye kanga, uso umebadilika, unasema limeshuka kutoka juu, limeingia kwenye majani chai, nimelichimbua, na ni baridi, shikeni, ni baridi kama la mtoni.

Mama Nyaboke, aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, alikuja jioni. Maneno yake ninayo bado. "Sisi tuko kanisani tunaomba, wewe uko nyumbani unarushiwa mawe?" Watu wakacheka. Halafu akauliza lile swali lililokumaliza: mtu mwenye mguu mbovu alikuwa anafanya nini na jembe kwenye majani chai siku ya Sabato? Na kitu kikishuka na moto kinakuwaje baridi? Wakaamua ulikuwa unalima, ukakaribia kukutwa na jirani, ukatunga hadithi. Wakakunyang'anya ushemasi. Ulisimama mbele ya kanisa ukasema, "Jembe nililishika, hilo ni kweli. Lakini nililishika kutoa jiwe." Hukuongeza neno. Ukaketi kiti cha nyuma, na ulikaa kiti hicho mpaka ulipokufa.

Hayo yalikuwa ya kanisa. Mimi yangu ni mabaya zaidi, na nimekuja kwenye barua hii kuyasema.

Siku wageni walipokuja kumposa Kemunto, mzee mmoja aliona jiwe lile kwenye banda akakuuliza mbona ni jeusi hivyo. Ukafurahi. Nilikuona umefuta mikono kwenye leso uanze kumweleza. Nami, mtoto wako wa kwanza, nikasema mbele ya watu wote, "Mama, wacha hiyo hadithi. Unatuaibisha. Jiwe la mbinguni linashika kutu?" Maana lilikuwa na madoa ya kutu kwa mvua. Ulinitazama. Ukasema, "Sawa, Mokaya," ukaenda kuleta chai. Sikukusikia tena ukilitaja, kwa mtu yeyote.

Leo nimemwuliza yule mtu kuhusu kutu. Amesema ndani yake kuna chembe za chuma, na kwa mvua zetu lazima lishike kutu. Lisingeshika, yeye angetilia shaka.

Basi akaniuliza jiwe liko wapi, angependa kulinunua. Akataja bei, na ni zaidi ya koleo hili litakavyonipa mpaka barabara iishe. Nikampigia Kemunto hapo hapo, nikamwuliza jiwe la mlango wa kuku liko wapi. Akashangaa, akauliza:

"Mokaya, si uliliweka wewe? Kwenye saruji ya Mama?"

Hapo ndipo nilipoketi chini, kwenye mchanga.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile ya kujengea kaburi lako mawe yalipungua, toroli ya mwisho haikutosha, na sikutaka mtu mwingine amalizie kazi. Nikaenda bandani nikalichukua. Nililipiga nyundo nilivunje, nyundo ikaruka. Nikalitupia zima upande wa kichwani, nikalisukuma kwa mwiko. Mgongo wake ulikataa kuzama, nikaupaka saruji nyembamba tu. Nikasema moyoni, angalau limepata kazi.

Nilimweleza Kemunto habari yote. Alilia, halafu akaacha lugha yetu akasema polepole kwa Kiswahili, kama anaongea na mtu mgeni: "Alisema ni baridi. Hata hospitalini, siku ile ya mwisho, aliniambia, Kemunto, lilikuwa baridi. Nikamwambia apumzike."

Sitakuficha kitu. Niliwaza nyundo na tindo. Niliwaza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai chote. Niliona paa jipya la Kemunto, niliona mimi nimerudi nyumbani nisishike koleo la mtu tena. Halafu nikajiona nimesimama juu yako na nyundo, natafuta kitu nilichokuambia ni aibu. Nikamrudia yule mtu nikamwambia liko kaburini mwa mama, haliuzwi. Aliitikia kwa kichwa. Hakunisukuma. Alikata kipande cha uzi akafunga sumaku ndogo akanipa, na Odhiambo akamwaga mawe yake saba akavaa kofia.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii. Tukifunga kazi mwezi wa kumi na mbili nitakuja. Nitakuja Ijumaa, na Sabato nitaenda kanisani na viatu hivi hivi vya barabara. Wakitoa nafasi ya ushuhuda nitasimama niwaambie lilikuwa baridi, na kwa nini lilikuwa baridi, na nilichokuambia mbele ya wageni. Kisha nitamwomba Mama Nyaboke aje nyumbani. Anatembea kwa fimbo siku hizi, nitamshika mkono. Nitampa uzi aushike yeye mwenyewe juu ya kichwa chako, pale saruji ilipo nyembamba, auone ukienda upande, sumaku ikilifuata jiwe.

Na uzi usipokwenda upande, Mama, maana pengine nilipaka saruji nyingi kuliko ninavyokumbuka, nitarudi kanisani Sabato inayofuata na kusema maneno yale yale.

Lala na jiwe lako. Hakuna atakayeligusa.

Mwanao,
Mokaya