Gari la Wagonjwa la Ami Suhail

Mwaka umetimia sasa, Ami, tangu ulipoanguka na safari hii ukakataa kuinuka.

Familia ilikaa kikao hapa nyumbani Wawi kuamua nani aandike kumbukumbu hii. Baba yangu, kaka yako Fahd, alitaka aandike mtu mzima, kwa adabu. Bibi akamkata: "Mwacheni Wafa aandike. Suhail akiona maneno ya adabu atajua hayakutoka nyumba hii." Basi kalamu nnayo mie, mtoto wa kaka yako, uliyekuwa ukiniita Jenerali kila unaponishinda mchezoni na Koplo kila ninapokushinda. Ndiyo, ulikuwa ukipandisha watu vyeo kinyumenyume. Nani angekukataza?

Wasiokujua watauliza huyu Suhail Nasor alikuwa nani. Mchana ulikuwa ukichapa kadi za harusi na barua za maombi ya kazi katika duka la fotokopi la rafiki yako Ishak, pale Madungu. Jioni ulikuwa ukitengeneza magari ya vita ya karne ambayo haijafika. Ya karatasi. Mwanamme wa miaka thelathini na minane, mwenye mke na mtoto, amekaa chini kwenye jamvi na mkasi, anaunda kifaru cha kupigania mwezini.

Ulikuwa ukilichora gari kwenye kompyuta likiwa zima, kisha ukilifungua ubavu kwa ubavu mpaka likalala kama shati lililofumuliwa. Unalichapa kwenye manila, zile karatasi ngumu. Mstari mzima unakatwa, mstari wa nukta unakunjwa, na kabla ya kukunja unaupitishia kalamu iliyokwisha wino ili karatasi isipasuke. Pembeni uliacha vipande vya kutilia gundi ukiviita masikio. Ukimaliza, unapaka rangi kingo zote nyeupe, maana ulisema gari la kweli halioneshi karatasi yake. Ndani ulitia kokoto. Hilo ulijifunza siku Mardhiya, mkeo, alipowasha feni na jeshi lako lote likahamia chini ya kabati. "Nimeshinda vita," alisema, akaenda zake jikoni.

Hatutasahau pia kadi za harusi ya Gando. Karatasi zilikuwa haba dukani, ukatia kwenye printa manila uliyokwisha kuitumia upande mmoja. Mbele Bwana na Bibi Fulani wanakualikeni, nyuma magurudumu sita yamepewa namba. Watu walikwenda harusini wakiuliza magurudumu wayalete na nini. Ishak alitaka kukufukuza kazi. Hakukufukuza, kwa sababu jioni ile ile ilikuwa zamu yake ya kushambulia katika mchezo wetu wa vita jamvini.

Mchezo wenyewe uliuunda upya ili Bibi aukubali. Dadu alizikataa mlangoni, akasema haziingii nyumba inayosaliwa. Ukachukua kofia yako, ukatia karafuu kumi na makonyo kumi. Anayepiga anatia mkono bila kutazama. Ukitoka na karafuu, umelenga. Ukitoka na konyo, kikonyo kitupu kile tunachokitupa wakati wa kuchambua, umekosa. Bibi akafikiri sana, akasema, "Hii sawa, hii ni kuchambua karafuu tu." Tangu siku ile majeshi yetu yote yakawa yananukia kama ghala.

Na kila gari lako lilipopigwa, ulianguka. Hilo ndilo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilijua. Hukuridhika kuliondoa gari jamvini kama watu wengine. Ulishika kifua, ukazungusha macho, ukaenda chini mzima mzima, kofia huku, karafuu kule. Ukalala pale mpaka mtu akwambie inuka. Bibi akipita anakupiga na kanga mguuni: "We Suhail! Utanivunjia sakafu!" Mie nilihesabu, Ami. Katika mwezi wa Shaabani peke yake ulikufa mara kumi na saba.

Ndipo Jumapili moja nikakwambia, mbele ya Ishak, "Ami, jeshi lako lina vifaru tisa, lina chombo cha kuruka, lina hata gari la kupikia chai. Kila siku unakufa na huna gari la wagonjwa?"

Ishak alicheka mpaka akakohoa. Weye hukucheka. Ulikwenda ukakaa kwenye kompyuta. Siku mbili nzima tukakuona mgongo tu.

Jumanne asubuhi ulikunywa chai umesimama, ukatoka mapema kuliko siku zote. Mlangoni ukaninyooshea kidole: "Leo utafunga mdomo, Jenerali."

Saa nne nilikuwa uani namenya muhogo. Simu ikalia, Ishak.

"Wafa, Ami yako kaanguka."

Nikacheka. Nimekaa mwaka mzima na kicheko kile, leo nakiandika. Nilicheka, Ami, nikamjibu, "Mwambie ainuke, yakhe, gari la wagonjwa halijafika."

Nyuma ya Ishak niliisikia printa inatoa karatasi, krrr, krrr, kama siku yoyote.

"Wafa. Hainuki."

"Muoneshe konyo, atainuka."

Halafu nikamsikia Ishak analia. Mtu mkubwa yule, mwenye duka. Muhogo ulinitoka mkononi, na ile sauti ya kucheka ilikuwa bado imo kooni, haijui iende wapi.

Gari la Ishak lilikuwa nje ya duka. Watu wa Madungu walikubeba, njia ilikuwa wazi. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa umeshasimama kabla hawajakuinua sakafuni. Kwa hiyo hakuna aliyechelewa. Tungepata wa kumlaumu labda tungetulia. Asubuhi umekunywa chai, Alasiri tumekuzika, na usiku Mardhiya akakuta kikombe chako kipo pale pale, hakijaoshwa, na sukari imeganda chini. Mpaka leo tunaulizana: hivi ndivyo? Mtu anaondoka namna hii? Bibi kila akisikia kitu kimeanguka ndani anaita, "Suhail!" Kisha anakwenda mwenyewe kukiokota.

Siku ya tatu, watu walipokuwa wanatawanyika, Ishak alileta bahasha. Alizikuta karatasi kwenye printa, tatu, za manila. Zilikuwa zinatoka wakati unaanguka.

Lilikuwa gari la wagonjwa, Ami. Magurudumu manane, mwezi mwekundu ubavuni, machela mbili za kuvutwa, vipande thelathini na kimoja. Na pembeni, kwa kalamu yako ya mkono, ulikuwa umeshaandika kanuni yake kwenye karatasi ya kwanza, iliyotangulia kutoka: "Jenerali, usicheke. Likifika shibiri moja kutoka kwa aliyeanguka, anainuka."

Niliisoma nikairudisha kwenye bahasha. Bahasha ikaingia kabatini. Hakuna aliyeigusa miezi kumi, na mie ndiye niliyekuwa nikipita mbali zaidi na kabati lile.

Mardhiya ndiye aliyeitoa. Alisema, "Itaingia mchwa. Tulijenge." Tukakaa jamvini watu wanne: yeye, Ishak, Bibi na mie. Ulituachia kazi, Ami! Tulikuwa tumekuona ukiunda magari miaka minane tusijue hata rula inashikwa vipi. Mie nilikata masikio yote ya karatasi ya pili nikidhani ni takataka. Mardhiya akanitazama, akanitazama tena, akaenda kuchana boksi la biskuti tukatengeneza masikio mapya. Ishak alipaka kingo rangi, akapaka na kikoi chake. Bibi alikaa na vibanio vya kuanikia nguo, anabana kila palipotiwa gundi na kusema, "Bado. Bado. Basi, achia." Magurudumu saba yako sawa. La nane linatazama pengine. Gari zima limeinamia kushoto kidogo, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.

Ishak aliposhika mwezi mwekundu kuubandika, nikashindwa. Nikawaambia. Kwamba simu ilipokuja nilicheka. Kwamba neno la mwisho nililolisema weye umelala sakafuni ni mzaha. Ishak aliinamisha kichwa. Alikuwa analijua tangu siku ile na hakumwambia mtu, hata mara moja.

Nilidhani Bibi atanifukuza jamvini. Akabana kibanio chengine. Mardhiya ndiye aliyesema, huku anasukuma kokoto ndani ya gari:

"Mie asubuhi ile nilimwambia asinirudie bila mkate."

Akatia kokoto nyengine.

"Sikumwambia kwaheri. Nilimwambia mkate."

Kisha Bibi akalichukua gari, akalitia kiganjani, akaligeuza chini juu. "Hili linafanya nini?"

Nikamsomea kanuni yako. Shibiri moja. Anainuka.

"Na likichelewa?"

Nikatazama mabaki ya karatasi zote tatu, mbele na nyuma. Kwa kila gari ulikuwa ukiandika kila kitu: likipigwa, likikwama, likiishiwa mafuta. Hapa kulikuwa na mstari mmoja tu.

"Hakuandika, Bibi."

"Basi andika weye. Si Jenerali?"

"Niandike nini?"

Bibi aliliweka gari jamvini, mbele ya mahali pako, palipo na ile kofia ya karafuu. Akalisogeza kwa kidole mpaka likaigusa.

"Andika aombewe dua. Kwani kuna jengine?"

Nikaandika, Ami, chini ya hati yako, kwa hati yangu mbaya uliyokuwa ukiisema imeandikwa na kuku: "Likichelewa, aombewe dua." Imepinda, lakini inasomeka. Sasa kanuni imekamilika. Gari liko juu ya kabati, mstari wa mbele, mbele ya vifaru vyako vyote tisa.

Hitma yako itasomwa Ijumaa hii baada ya Alasiri, nyumbani Wawi. Ndugu, majirani na jamaa wote mnakaribishwa, na watu wa ile harusi ya Gando pia. Magurudumu msije nayo.

Unakumbukwa na mama yako Bi Mgeni, anayekuita bado. Na mkeo Mardhiya, ambaye kila Jumanne ananunua mkate. Na binti yako Ummi. Na kaka yako Fahd, aliyesema kumbukumbu hii ina maneno mengi kisha akaomba aisome tena. Na rafiki yako Ishak, ambaye hajamkalisha mtu katika kiti chako dukani. Na mie Wafa, ambaye cheo changu hakuna tena wa kukipandisha wala kukishusha.

Ami, muda wote tutakaokuwa hai hutatoka katika midomo yetu wala nyoyoni mwetu. Gari limefika. Limechelewa. Tunakuombea.